Kuvuta Mkokoteni wa Maji Mombasa bila Kuvunja Mgongo

Mkokoteni mtupu kila mtu bingwa. Upakie mitungi 10 ya lita 20, yaani kilo 200 za maji kabla hujahesabu mbao na chuma, ndipo utakapoijua kani, yaani nguvu ya kusukuma au kuvuta. Haya nawaandikia vijana wanaoanza kuuza maji Majengo na Mji wa Kale.

Kabla ya kupakia, inua gurudumu ulizungushe kwa mkono. Likisimama mara moja, msuguano unakula nguvu zako humo ndani. Safisha beringi, tia grisi. Tairi nalo likiwa na upepo mchache hubonyea kila linapozunguka, na gharama ya kubonyea huko wailipa wewe kwa misuli. Lijaze mpaka kidole gumba kishindwe.

Panga mitungi uzito ukae juu ya ekseli, uzidi mbele kidogo tu. Ukizidi nyuma, mikono ya mkokoteni itapaa nawe ukining'inia kama popo. Mtungi wa nusu usiupakie. Maji yatachezacheza, na ukisimama ghafla yatasonga mbele, maana yenyewe bado yako safarini. Mwanasayansi Newton aliliandika jambo hilo mwaka 1687: kinachokwenda huendelea kwenda mpaka kani ikizuie. Mitungi nayo ni hivyo hivyo, basi ifunge kwa mpira wa tyubu. Kamba ya katani mimi siiamini, hulegea njiani.

Kung'oa mzigo ndiko kugumu kuliko kote, na hapo ndipo vijana huumia viuno kwa pupa. Nyoosha mikono, inama mbele, uzito wa mwili ufanye kazi, gurudumu lianze polepole. Kuufikisha mzigo kwenye mwendo wa kutembea kwa sekunde 4 kunataka nusu ya kani ya kuharakisha ambayo ungetumia kwa sekunde 2. Ukishakwenda, usisimame ovyo: kwenye tambarare unapambana na msuguano tu. Wenye magari watakupigia honi, waache.

Msuguano huo huo chini ya miguu ni rafiki. Wewe waisukuma lami nyuma, nayo lami yakusukuma mbele. Vaa akala. Kandambili zilizolika, mvua ikinyesha, zitakuacha unakanyaga ukikaa pale pale.

Sasa mteremko, kama ule wa kushukia feri Likoni. Barabara ikipanda mita 1 kwa kila mita 10, mvutano wa dunia unazirudisha nyuma kilo 200 zako kwa kani sawa na uzito wa mtungi mmoja uliojaa. Ukishuka, mtungi huo huo wakusukuma mgongoni. Ndiyo maana nimepigilia vipande vya tairi kuukuu chini ya mkia wa mkokoteni: nikiinua mikono, mkia unagusa chini na kukwaruza. Anza kukwaruza kabla mteremko haujaanza. Mwendo ukiongezeka mara 2, umbali wa kusimama huongezeka mara 4, na hapo mbele pana watu wanaosubiri feri.

Ukishindwa kuuzuia, piga kelele, uelekeze ukingoni pasipo na watu, kisha uruke pembeni. Mitungi hununuliwa.

Ukiegesha mteremkoni, ukingamishe mkokoteni kando ya barabara, utie jiwe kwenye magurudumu yote mawili, upande wa chini.