Tovuti ya Kiswahili isomeke hata na asiyeona: wapi pa kukagua na namna ya kurekebisha

Tovuti nyingi za Kiswahili hujengwa juu ya violezo vya Kiingereza, na kosa la kwanza hubaki kwenye mstari wa juu kabisa wa msimbo: `<html lang="en">`. Anayeona halimsumbui. Asiyeona, anayetegemea programu ya kusoma skrini, hukutana nalo tangu neno la kwanza, kwa sababu programu huuamini mstari huo na kuyatamka maneno ya Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza. "Ada ya maombi" haieleweki tena.

Badilisha iwe `<html lang="sw">`. Usiweke "tz" wala "ke", hizo ni alama za nchi, si za lugha. Kipande cha Kiingereza kikiwemo ndani ya ukurasa, kizungushie `<span lang="en">`. Kwenye WordPress, mfumo wa kujengea tovuti, mstari huu kwa kawaida hutokana na lugha ya tovuti iliyochaguliwa, kwa hiyo anzia kwenye mipangilio ya jumla kabla ya kugusa faili lolote.

Kisha sikiliza mwenyewe. Pakua NVDA, programu ya kusoma skrini, ni ya bure na hutumika kwenye Windows. Bonyeza Ctrl+Insert+S uchague sauti ya eSpeak NG, maana ina Kiswahili. Herufi H hukurusha kutoka kichwa cha habari hadi kingine, K kwenye viungo, F kwenye sehemu za fomu. Ukibonyeza H na hakuna kitu, basi vichwa vyako ni maandishi yaliyokolezwa tu. Vifanye `<h1>`, `<h2>`, `<h3>` kwa mpangilio.

Jaribio la pili halihitaji programu yoyote: weka kipanya pembeni, tumia Tab, Shift+Tab, Enter na Space. Kila hatua uone uko wapi. Usipoona, huenda mtu ameandika `outline: none` kwenye CSS (msimbo wa mwonekano wa ukurasa), ifute, au weka mstari wako mwenyewe kwa `:focus-visible`. Tab ikiruka menyu au kitufe cha "Tuma", mara nyingi kitufe hicho ni `<div onclick>`. Kigeuze kiwe `<button>`, na kibodi itakitambua bila kazi ya ziada.

Fomu ndiko watu wanakokwama zaidi, na ndiko hasara ilipo: mtu anakosa nafasi ya chuo au ya kazi kwa sababu ya sehemu isiyo na jina. Maandishi ya kijivu yaliyo ndani ya kisanduku hayatoshi, kwani hupotea mara tu mtu anapoanza kuandika. Andika hivi:

`<label for="simu">Namba ya simu</label>`
`<input id="simu" type="tel" autocomplete="tel">`

Thamani ya `for` na ya `id` lazima zifanane herufi kwa herufi. Njia rahisi ya kuhakiki: bofya neno "Namba ya simu", kishale cha kuandikia kisipoingia kwenye kisanduku, hazijaungana. Kosa likitokea, rangi nyekundu peke yake haisemi chochote. Andika "Namba iwe na tarakimu 10, ianze na 0", ipe aya hiyo `id="simu-kosa"`, kisha kwenye `<input>` ongeza `aria-invalid="true"` na `aria-describedby="simu-kosa"`.

Picha nazo zina tatizo letu la kila siku: tangazo la kazi lililopigwa mhuri, likaskaniwa, likapandishwa kama PDF au JPEG. Kwa programu ya kusoma skrini, hiyo ni karatasi tupu. Andika tangazo lote kwenye ukurasa wenyewe, na nakala yenye mhuri iwe kiungo chini yake. Picha nyingine zipe `alt`, yaani maelezo ya maandishi, inayosema kilicho muhimu: "Ramani ya kufika ofisini kutoka stendi", si "picha1". Picha ya pambo iache na `alt=""`; ukiondoa `alt` kabisa, programu inaweza kusoma jina la faili.

Rangi: maandishi ya kawaida yanahitaji uwiano wa utofauti wa mwangaza wa angalau 4.5:1 dhidi ya mandharinyuma. Kijivu #999999 juu ya nyeupe ni 2.85:1 tu, #767676 ndiyo inavuka kwa shida. Ondoa pia `user-scalable=no` kwenye mstari wa `viewport`, inaweza kuwazuia watu kukuza maandishi kwenye simu. Vitufe visipungue pikseli 24 kwa 24, kama WCAG 2.2, mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa tovuti wa mwaka 2023, unavyotaka.

Zana za kukagua tovuti kiotomatiki kama WAVE, axe na Lighthouse zinasaidia kuanza, ila zisikutulize. Huangalia kama `lang` ipo na ni halali, kwa hiyo ukurasa wa Kiswahili wenye "en" unaweza kupita bila alama nyekundu. Vijitufe vinavyouzwa kwa ahadi ya kurekebisha tovuti nzima kwa mstari mmoja wa msimbo, usivitolee pesa: havijui picha yako inaonyesha nini.

Mwisho, jaza fomu nzima kwa kibodi na NVDA hadi uitume. Ujumbe wa "Maombi yamepokelewa" uingie ndani ya `<div role="status">` iliyokuwepo kwenye ukurasa tangu ulipofunguka, ikiwa tupu. Ukiiongeza pamoja na maandishi yake baada ya kutuma, baadhi ya programu hukaa kimya, na mtu hutuma tena.