Somo: Kushirikiana farasi mmoja Nairobi bila kukosana

Habari zenu. Tangu mvua zianze, wengi mmeniuliza jambo lile lile: farasi ni ghali, nataka nipate mtu tushirikiane, nianzie wapi? Nimeshirikiana mara mbili. Mara ya kwanza tulikosana kabla ya mwaka kuisha. Mara ya pili tuko pamoja mpaka leo. Farasi ni yule yule, kwa hiyo msimlaumu yeye.

Hatua ya 1: Jua unaingia ushirika gani

Kuna kununua pamoja, farasi akawa wenu wawili. Kuna pia farasi kubaki wa mwenyewe, wewe ukachangia gharama na kupewa siku zako. Mazizini yote mawili huitwa "kushea", na hapo ndipo ugomvi huanzia. Ukichangia miezi kumi, hujanunua hata ukwato mmoja. Hapa naeleza huu wa pili. Kwa anayeanza ndio wenye akili: ukihamishwa kazi Kisumu, unaondoka na kofia yako tu.

Hatua ya 2: Mjaribu farasi, naye akujaribu

Farasi wengi tunaopanda hapa wametoka mbioni, kwenye uwanja wa Ngong Road. Wangu, Kasuku, ni mmoja wao (saisi, yaani mtunza farasi, ndiye aliyempa jina, kwa kelele anazopiga akisikia kifuniko cha pipa la chakula). Farasi wa mbio amezoea kuegemea lijamu, kile chuma cha mdomoni. Ukivuta hatamu kwa nguvu, yeye anaelewa kwamba umemwambia aongeze mwendo. Sasa weka wapandaji wawili: mmoja humtuliza kwa kukaa vizuri na kulegeza mkono, mwingine akishtuka huvuta. Baada ya wiki chache farasi hajui amsikilize nani, na wa kuangushwa mara nyingi si yule aliyemchanganya.

Kwa hiyo chukueni masomo mawili matatu pamoja, kwa mwalimu mmoja, mkitazamana. Kisha jipeni mwezi wa majaribio. Usiangalie kupanda tu. Mpige brashi, nyanyua kwato zote nne, kaza mkanda wa tandiko uone kama anakunja masikio kwa hasira.

Hatua ya 3: Hesabu

Gawanyeni gharama mafungu mawili. Za kila mwezi: banda, nyasi (robota za Boma Rhodes hupanda bei kiangazi kikikaza), maranda ya kulalia, chakula cha nyongeza, mshahara wa saisi. Za vipindi: fundi wa kwato kila wiki sita hadi nane, dawa ya minyoo, chanjo, meno.

Mfano, kwa namba rahisi tu: gharama za mwezi zikiwa shilingi 42,000, na farasi anafanya kazi siku sita, wewe ukiwa na siku mbili unalipa theluthi, yaani 14,000. Lakini Jumamosi si sawa na Jumanne. Anayechukua Jumamosi na Jumapili zote aongeze kidogo, au mbadilishane kila wiki. Tumeni kwa M-Pesa, tarehe moja kila mwezi, ili ushahidi ubaki.

Hatua ya 4: Siku, na jua

Hapa Nairobi jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu, mwaka mzima. Ukitoka kazini Upper Hill saa kumi na moja, ukakutana na foleni ya Ngong Road, unafika zizini giza likinyemelea. Na jioni ndiyo saa ya visubi, wale wadudu wadogo wanaoeneza ugonjwa wa farasi wa Afrika. Ugonjwa huo hauna tiba, na unaua farasi wengi mno kati ya wanaoupata. Farasi awe bandani kabla ya magharibi. Ndiyo maana siku ya kazi ya mtu wa ofisi ni alfajiri, si jioni, hata aseme nini.

Mvua nayo ina mambo yake. Udongo mweusi wa Karen na Lang'ata ukilowa hushika kwato kama gundi, na kiatu chake cha chuma hubaki humo. Kubalianeni mapema: siku yangu ikinyeshewa, nafidiwa au imekwenda? Sisi tuliamua imekwenda, ila anaruhusiwa kuja kumtembeza kwa kamba na kumsafisha. Hakuna aliyelalamika.

Hatua ya 5: Daftari, na saisi

Hapa nitakaa kidogo.

Katika ule ushirika wa kwanza, Jumatano moja ilikuwa siku ya mwenzangu. Nilipita saa sita mchana, nikamkuta Kasuku anapiga mlango kwa mguu. Saisi alikuwa likizo. Nikampimia gorogoro moja ya chakula, nikaenda zangu. Aliyemshikia saisi akaja saa nane, naye akampa gorogoro. Saa kumi mwenzangu akafika, akaona sufuria imelambwa ikang'aa, akamwonea huruma. Akampa ya tatu.

Saa moja usiku simu ikalia. Kasuku alikuwa anachimba chini kwa mguu wa mbele, anageuza kichwa kutazama ubavu wake, analala, anainuka, jasho limemtoka shingoni na ni usiku wa baridi. Msokoto wa tumbo. Daktari wa mifugo alikuja, akamtibu, nasi tukakesha naye. Alipona. Urafiki haukupona: kila mmoja alisema wa kulipa daktari ni mwenzake.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nilinunua daftari la kurasa 96, nikalitundika mlangoni mwa banda, na kalamu yake kwenye uzi wa katani. Mstari mmoja huwa hivi: "Jumanne, saa 1:10 asubuhi. Dakika 40 uwanjani. Kijiwe ukwato wa mbele kushoto, nimekitoa. Chakula: SIJAMPA." Hilo neno la mwisho liandikwe kwa herufi kubwa.

Saisi naye ni mshirika wa tatu, tena ndiye anayemwona farasi kila siku. Asipewe amri na midomo miwili. Mwenye farasi ndiye aseme, wewe ukitaka jambo mwambie mwenye farasi. Na ya Krismasi mchangie nyote, asiachiwe mmoja.

Hatua ya 6: Tandiko

Tandiko hupimwa kwa mgongo wa farasi, si kwa makalio yako. Tumieni moja linalomkaa, kila mtu awe na vikuku vyake vya kukanyagia. Atakayekuta kidonda chini ya mkanda asipande, aandike.

Hatua ya 7: Akiugua

Andikeni mkatabani: yeyote aliyepo anaruhusiwa kumwita daktari bila kuomba ruhusa, mpaka kiasi fulani cha pesa mlichokubaliana. Zaidi ya hapo, mwenye farasi aamue. Chanjo ya ugonjwa wa farasi wa Afrika hurudiwa kila mwaka, na baada ya sindano farasi hapewi kazi nzito mpaka daktari aseme. Siku hizo zinawapotea nyote wawili, msidaiane.

Hatua ya 8: Kuachana

Notisi ya mwezi mmoja, kwa maandishi. Basi.

MASWALI YENU

Mwanachama, Rongai: Mimi nina kilo 84, mwenzangu 57. Farasi ana kama 450. Ni sawa?

Kanuni inayotumiwa na wengi ni kwamba mpandaji pamoja na tandiko asizidi asilimia 20 ya uzito wa farasi. Kwako ni kilo 90. Tandiko likiwa na kilo saba, kaka, umeshapita. Tafuta farasi mkubwa zaidi, na usijisikie vibaya, mgongo wake ndio unaosema.

Mwanachama, Lang'ata: Zizi letu liko karibu na mbuga. Pundamilia wana shida gani?

Pundamilia hubeba virusi vya ule ugonjwa wa farasi wa Afrika bila kuonyesha dalili, visubi ndio wanaovisafirisha. Huwezi kumhamisha pundamilia. Unachoweza ni chanjo na kufunga mlango mapema. Na ukirudi kutoka malishoni kagua kupe: masikioni, chini ya mkia, kati ya mapaja. Homa ya kupe nayo humlaza farasi.

Mwanachama, Kileleshwa: Mwenzangu ana deni la miezi mitatu na hashiki simu. Tulikubaliana kwa mdomo tu.

Pole. Kusanya ujumbe wa M-Pesa na wa simu, huo nao ni ushahidi. Mwandikie barua ya kumdai, umpe siku. Akikaa kimya, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Wakati huo huo msimamishe kupanda, lakini usimwadhibu farasi kwa kumpunguzia nyasi. Nimeona mtu akifanya hivyo.

Mwanachama, Karen: Binti yangu wa miaka 12 anaweza kupanda siku yangu?

Si mpaka mwenye farasi akubali, na liandikwe. Siku ni yako, farasi si wako. Kama barabara ya kwenda uwanjani ina bodaboda, mtu mzima atembee naye kwa miguu, kamba mkononi. Bodaboda hupiga honi kwa upendo tu, farasi haelewi hivyo.

Mwanachama, Ngong: Mwenzangu anapanda vizuri kuliko mimi. Farasi hatanikataa?

Dada, Kasuku anampenda anayefungua pipa. Mwenzangu wa sasa ananizidi mbali, na farasi amekuwa mwepesi zaidi siku zangu kwa sababu yake. Muombe akutazame mara moja kwa mwezi.

Anayetaka kuona nilivyochora mistari ya daftari aniambie, nitalipiga picha Jumamosi nikienda. Ila si alfajiri, hiyo ni siku ya mwenzangu.