SOMO: Jinsi ya kuingiza hewa safi ofisini, AC peke yake haitoshi

Habari zenu wadau, leo naomba tuongelee hewa ya ofisini, hasa hizi ofisi zetu za Dar ambazo mlango umefungwa, dirisha limefungwa, pazia limeshushwa na AC inapuliza kutwa nzima. Watu wengi wanaamini AC ya ukutani inaleta hewa ya nje kwa sababu ile mashine yake nyingine imefungwa nje. Si kweli. Yale mabomba yanayopita ukutani yamebeba gesi ya kupozea tu, hewa yenyewe ni ile ile ya chumbani, inavutwa, inapozwa, inarudishwa, kwa hiyo mtu akikohoa saa tatu asubuhi mnaizungusha wote humo ndani. Na Tanzania iliwekwa kwenye orodha ya WHO (Shirika la Afya Duniani) ya 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, ugonjwa unaosambaa kwa hewa, ndo maana nasema hili sio suala la starehe kabisa.

HATUA YA 1: jua hewa yako inaingilia wapi na kutokea wapi
Huhitaji fundi hapa. Zima AC na feni, washa kijiti kimoja cha udi (mwenye pumu atoke kwanza, na kama kuna kengele ya moshi waambie walinzi) halafu kishike karibu na uwazi wa chini ya mlango, kisha dirishani, kisha usawa wa kichwa cha mtu aliyekaa mezani. Moshi ukilala kuelekea ndani, hapo hewa inaingia, ukivutwa kwenda nje inatoka. Ukipanda wima polepole ukatanda kwenye silingi bodi na robo saa baadaye harufu bado imejaa, ujue hewa imesimama. Pita meza zote, maana unaweza kukuta dirishani pako vizuri kabisa ila kule nyuma ya patisheni anapokaa mhasibu hakuna kinachosogea.

HATUA YA 2: fungua pande mbili
Dirisha moja likiwa wazi peke yake halisaidii sana, hewa inataka pa kuingilia na pa kutokea, ikiwezekana pande zinazotazamana. Kwa sisi wa pwani upepo tunao wa bure, kaskazi inavuma Desemba mpaka Machi hivi, halafu kusi inashika kuanzia Aprili, kwa hiyo dirisha lililokuwa linaingiza hewa Januari linaweza likawa la kutolea Julai, usishangae. Kumbuka pia madirisha ya aluminiamu ya kusukuma yanafunguka nusu tu, na patisheni zilizofika mpaka juu zinakata njia yote, hizo mwambie fundi azipunguze juu au aweke matundu. Wajenzi wa zamani walikuwa wanaacha matundu juu ya dirisha na mlango, siku hizi tunayaziba ili AC isipoteze baridi, inaniuma sana nikiona hivyo.

HATUA YA 3: kama upepo haufiki, weka feni ya kunyonya
Hapa hesabu kidogo. WHO mwaka 2021 walisema kwenye majengo kama ofisi kila mtu apate angalau lita 10 za hewa safi kwa sekunde, ambayo ni mita za ujazo 36 kwa saa. Mko watu 8? 36 mara 8 ni 288, tafuta feni ya 300 hivi. Chumba cha mita 5 kwa 4 chenye urefu wa mita 3 kwenda juu kina mita za ujazo 60, feni hiyo itabadilisha hewa yote mara 5 kwa saa, na mara 5 ndo kiwango ambacho CDC, taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, walikitaja mwaka 2023. Boksi likiwa limeandikwa CFM (futi za ujazo kwa dakika) zidisha kwa 1.7 upate mita za ujazo kwa saa. Feni ikae juu, upande ulio mbali na mlango, na uache pa kuingilia hewa safi, la sivyo itavuta hewa ya chooni ikuletee mezani.

Jenereta isiwe karibu na pa kuingilia hewa, kabisa kabisa. Moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi hiyo haina harufu na inaua.

HATUA YA 4: osha filta za AC kila mwezi, na ukiona ukungu mweusi kwenye matundu ya kupulizia ita fundi. Basi.

HATUA YA 5: pima
Kuna vipimo vidogo vya kabonidayoksaidi, gesi tunayoitoa tukipumua, chagua chenye sensa ya NDIR (inayopima gesi kwa mwanga wa infraredi). Hewa ya nje ina kama 420 ppm (sehemu kwa milioni), ndani ikibaki chini ya 800 mko vizuri, ikikaa juu ya 1500 muda mrefu ina maana mnavuta pumzi za wenzenu. Kiweke mezani mbali na dirisha, angalia saa nane mchana watu wakiwa wamejaa, sio asubuhi ofisi ikiwa tupu.

MASWALI YA WADAU

Swali: Tukifungua dirisha LUKU si itaisha haraka?
Jibu: Itapanda kidogo kweli. Fungua kila kitu kabla watu hawajaingia na saa ya chakula AC ikiwa imezimwa, saa nyingine acha dirisha wazi kiasi cha kiganja, weka AC 25 na uwashe feni ya juu.

Swali: Sisi tuko barabarani, vumbi na moshi wa malori ndo tunavuta, tufanyeje mkuu?
Jibu: Ingizia hewa upande wa nyuma na utolee upande wa barabara. Mashine ya kusafisha hewa yenye filta ya HEPA (filta inayonasa chembe ndogo sana) inapunguza vumbi na vijidudu, ila haileti hewa mpya, kwa hiyo isiwe mbadala wa dirisha.

Swali: Maua ndani ya ofisi yanasaidia?
Jibu: Yanapendeza, lakini kwa ofisi yenye watu hayabadilishi hewa kwa kiwango cha kuhisi.

Swali: Bosi amekataa madirisha kufunguliwa, anaogopa wezi na mbu.
Jibu: Mpelekee suluhisho, nondo na wavu kwenye madirisha ya juu, gharama yake ndogo. Mpimie na hewa aone namba mwenyewe. Akigoma, kuna Sheria Na. 5 ya 2003 ya usalama na afya mahali pa kazi, na wakaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, wanapokea malalamiko, andikeni kwa pamoja kama wafanyakazi asibaki mtu mmoja amebeba lawama.

Swali: Stoo yetu ya mafaili haina dirisha na kuna dada anakaa humo siku nzima na printa.
Jibu: Huyo dada mtoeni humo wiki hii, printa ibaki, feni ya kunyonya itobolewe ukutani ndo muanze kujadili kama mtu anaweza kukaa tena.