Soma vali ya zamani kabla ya kuagiza nyengine

Vali iliyo karibu na bahari, Nungwi au Mkoani, chumvi huanza kula kibati chake chenye maelezo. Mie huanza na mwili: maandishi yaliyosubiwa pamoja na chuma hayahamiki, ila kibati huenda kilitoka kwenye vali nyengine.

1. Safisha kwa brashi ya waya. Grainda usiiguse, itakula herufi. Sugua chaki kwa ubavu wake, herufi zilizonyanyuka zitajitokeza nyeupe. Tazama pande zote mbili, piga picha.

2. Ukubwa (DN ni ukubwa wa bomba, takriban kwa milimita): DN50 ni inchi 2, DN100 ni inchi 4.

3. Presha. Hapa usiwe na haraka. PN16 ni baa 16 za maji ya baridi. "150" kwenye vali ya flanji (sahani yenye matundu ya bolti) watu huisoma psi 150, yaani paundi kwa inchi ya mraba, nayo si psi, ni daraja la presha. Vali ya daraja hilo yenye mwili wa WCB, yaani chuma cha kaboni, ikiwa baridi huhimili baa 19.6, kwenye nyuzi 200 za Selsiasi hushuka hadi 13.8. Vali ndogo za shaba huandikwa WOG: hiyo ni psi ya maji, mafuta au gesi, visiwe vya moto. Mvuke una namba yake, huandikwa SWP. Ukikuta 125 SWP na 200 WOG kwenye vali moja, wa boila ashike 125. Fundi wa kiwanda cha mafuta ya makonyo kule Pemba akikosa namba ya mvuke, asiiweke mpaka apate karatasi ya mtengenezaji.

4. Madini. CF8M ni chuma cha pua, jamii ya 316. Kwa kisima cha maji ya chumvichumvi chagua hiyo, au shaba yenye alama DZR, yaani inayostahimili kutokwa na zinki. Shaba ya kawaida hutokwa na zinki polepole, ikabaki nyekundu na kuvunjika ovyo.

5. Mshale wa mwelekeo wa maji. Ukiwepo, andika unaelekea wapi kabla hujafungua bolti.

6. Sasa kibati. Kikitaja presha ndogo kuliko mwili, fuata ndogo. Huenda kiti cha ndani, pale vali inapozibia, ndicho dhaifu. Kiti cha EPDM, aina ya mpira, usikipitishie mafuta ya petroli wala dizeli.

7. Pima flanji, hata kama umesoma kila kitu. DN100 ya PN16 na inchi 4 ya daraja 150 zote zina matundu 8, ila duara la bolti ni milimita 180 kwa ile na 190.5 kwa hii. Ukiagiza Dar bila kipimo hicho, vali itashuka bandarini Malindi, Unguja, na bolti hazitaingia.