Kidebe cha mafuta ya kupikia na picha za wadudu

Jamani wale mnaopiga picha za wadudu kwa karibu, msikimbilie kununua difyuza, kile kifuniko cha kulainisha mwanga wa flashi. Chukua kidebe cheupe cha mafuta ya kupikia, kile cha plastiki ya maziwamaziwa cha lita 3 au 5, kioshe na sabuni mpaka utelezi wote uishe, halafu kata ubavu mmoja ule uliopinda, ufunge mbele ya flashi na mpira au selotepu ukiinamia juu ya lenzi kama ukingo wa kofia. Ndani weka ile sponji nyembamba nyeupe wanayofungia TV mpya, ila iache mbali kidogo na plastiki, ikigusana taa haisambai vizuri.

Kitu wengi wanakosea ni ukaribu. Difyuza ikae karibu na mdudu kadiri inavyowezekana, maana kwake inakuwa kubwa kama anga, mwanga unalainika. Ukiiweka mbali hata iwe nzuri vipi mbawakawa atatoka na doa jeupe mgongoni kama kioo cha boda juani.

Mimi naanzia tundu la lenzi f/11, kasi ya shata sekunde 1/200, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 200, flashi manyueli, yaani naipanga mwenyewe, kwenye 1/8 ya nguvu yake, picha ikiwa giza naongeza nguvu ya flashi. Plastiki ikiwa na unjano rangi zitaharibika, tafuta nyeupe kabisa.

Nenda alfajiri, kule msitu wa Mabira, Uganda, au hata shambani kwako, wadudu bado wana baridi hawaruki ovyo. Na nsenene (wale senene wa kuliwa) wakija Novemba piga picha kwanza ndo ukaange 😂