Hesabu siku kabla ya kuandika barua: jinsi ya kuishitaki serikali Mahakama ya Afrika Mashariki

Nilikuwa na magunia 80 ya vitunguu vya Mang'ola kwenye fuso, ushuru wa halmashauri umelipwa, cheti cha afya ya mimea kimegongwa muhuri, tulipofika mpakani tukaambiwa kuna barua. Ilitoka ofisi moja ya serikali upande wa pili, ikisema vitunguu vya nje visiingie mpaka itakapotangazwa tena. Siku ya tatu magunia ya chini yakaanza kutoa maji. Siku ya sita niliuza yaliyobaki pale pale kwa bei ya kutupa, nikamlipa dereva, nikarudi nyumbani na nauli tu.

Nilifanya nilichokijua: niliandika barua. Nikajibiwa kwamba suala langu linashughulikiwa. Nikaandika nyingine, na nyingine. Mwezi wa tano tangu mzigo uzuiwe nikampata wakili Arusha. Aliniuliza swali moja: "Mama, hilo zuio ulilijua lini?" Nikamtajia tarehe. Akafunga faili taratibu, akasema, "Ungekuja kabla miezi miwili haijaisha."

Tangu siku hiyo nawafundisha wenzangu katika kikundi chetu cha wauza mazao jambo hili, na sasa naliandika.

Mkataba wa Kuanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999 na kuanza kutumika tarehe 7 Julai 2000. Wengi wetu tunadhani ni karatasi ya marais. Soma Kifungu cha 30. Mkazi yeyote wa nchi mwanachama, awe mtu au kampuni, anaweza kuiomba Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki iamue kama sheria, kanuni, agizo, uamuzi au kitendo cha nchi mwanachama kinavunja Mkataba. Serikali hiyo inaweza kuwa yako au ya jirani. Wala hulazimiki kuzunguka kwanza mahakama zote za nyumbani, jambo ambalo mahakama nyingi za kimataifa hulidai.

Ila kifungu hicho hicho, aya ya pili, kina mlango mwembamba: miezi miwili. Inaanza siku jambo lilipotungwa, kutangazwa au kutendeka; ikiwa hakuna tangazo, siku ulipolijua. Barua za kubembeleza hazisimamishi saa hiyo. Kikao na mkuu wa kituo hakiisimamishi. Na usijifariji kwamba zuio bado linaendelea, kwa hiyo kila siku ni siku mpya. Mwaka 2013 Divisheni ya Rufaa, ngazi ya juu ya Mahakama hiyo inayosikiliza rufaa, ilikataa hoja ya namna hiyo katika shauri la Omar Awadh na wenzake, waliolalamikia kukamatwa na kuzuiliwa kwao.

Hata wakubwa wameanguka hapo. Mwaka 2020 mashirika manne ya kiraia yalifungua shauri kupinga bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga. Walikuwa na mawakili, walikuwa na hoja za mazingira na mabadiliko ya tabianchi. Novemba 2023 Mahakama ikalitupa shauri kwa sababu ya muda: makubaliano ya serikali ya Uganda na Tanzania yalisainiwa Mei 2017, na hapo ndipo walipotakiwa kuja. Hoja za tabianchi hazikufika kwenye mizani. Habari ile iliniuma kama vile vitunguu ni vyao na bomba ni langu. Linganisha na barabara ya lami iliyopangwa kukatiza kaskazini mwa Serengeti. Walioipinga walifungua shauri Desemba 2010, barabara ikiwa bado mpango, na Juni 2014 Mahakama ikaizuia serikali ya Tanzania kuijenga kwa kiwango cha lami ndani ya hifadhi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni tarehe. Siku unapozuiwa, nunua daftari na uandike saa, kituo, na maneno uliyoambiwa. Piga picha tangazo mpaka kumbukumbu namba isomeke. Omba kukataliwa kwa maandishi. Afisa asipotaka, andika wewe mwenyewe siku hiyo hiyo, dereva na wakala wa forodha watie saini kama mashahidi. Tunza cheti cha uasili wa bidhaa, yaani kinachoonyesha nchi ilikotoka, hata kile kilichorahisishwa cha mzigo usiozidi dola 2,000, risiti za ushuru na picha za mzigo unavyoharibika. Karatasi ndogo huwa na nguvu kubwa. Aprili 2011 wakili Mkenya Samuel Mukira Mohochi alirudishwa kutoka uwanja wa ndege wa Entebbe bila kuelezwa sababu. Alikuwa na ile fomu iliyomtaja kuwa mhamiaji asiyeruhusiwa. Mwaka 2013 Mahakama ilisema Uganda ilivunja Mkataba, na fomu ile ilikuwa sehemu ya ushahidi.

Endelea na malalamiko ya kawaida ukitaka. Peleka kwa kamati inayoshughulikia vikwazo visivyo vya kiforodha, yaani vizuizi vya biashara ambavyo si ushuru, mara nyingine lori huachiwa wiki hiyo hiyo. Lakini weka alama kwenye kalenda wiki ya tano. Ikifika hujapata jibu lenye maana, nenda kwa wakili.

Anayeshitakiwa si yule afisa aliyekufokea. Ni Mwanasheria Mkuu wa serikali ya nchi husika, au Katibu Mkuu wa Jumuiya kama kosa ni la chombo cha Jumuiya. Mfanyabiashara mwenzako au kampuni binafsi humpeleki huko.

Hati yenyewe haina uchawi: jina lako na unapoishi, unayemshitaki, kitendo na tarehe yake, vifungu vilivyovunjwa, ushahidi, na unachoomba. Ambatanisha hati ya kiapo. Unaweza kujisimamia mwenyewe, ila ninashauri wakili, hasa kwa kuwa lugha ya Mahakama ni Kiingereza na pingamizi la awali la serikali, yaani ombi la kulitupa shauri kabla halijasikilizwa, huja haraka. Masjala, ofisi ya kupokelea hati za Mahakama, iko Arusha, na zipo masjala ndogo katika nchi wanachama, kwa hiyo mtu wa Kampala au Kigali hana haja ya kupanda basi.

Kwenye vifungu, tulia. Kwa biashara, tazama Kifungu cha 75 cha Mkataba na Itifaki ya Umoja wa Forodha, kifungu cha 13 kuhusu vikwazo na cha 15 kinachokataza bidhaa ya jirani kubaguliwa. Kwa mazingira, anzia 111 na 114. Kwa utawala wa sheria ni 6(d) na 7(2). Usiliite shauri lako la haki za binadamu, maana Mahakama bado haijapewa mamlaka hayo rasmi. Mwaka 2007, katika shauri la Katabazi na wenzake dhidi ya Uganda, majaji walisema hawataacha kazi yao ya kutafsiri Mkataba eti kwa sababu haki za binadamu zimetajwa. Ingia kwa mlango huo wa kuvunjwa kwa Mkataba.

Mzigo ukiwa unaoza, omba zuio la muda, yaani amri ya Mahakama ya kuisimamisha serikali kwanza, pamoja na shauri. Kiwanda cha sigara kilichopinga kodi ya Uganda iliyozibana sigara zilizotengenezwa Kenya kilipata zuio la muda kwanza, kisha kikashinda mwaka 2019.

Naomba pia ujue mipaka. Kuhusu amani, Mahakama hii haina askari. Wanaharakati walipinga muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza wa Burundi mwaka 2015, watu wakiwa wanakimbia makwao. Divisheni ya Rufaa iliwapa haki Novemba 2021, na Nkurunziza alikuwa amefariki Juni 2020. Kwa waliovuka kwenda kambi za Kigoma hukumu ilichelewa mno. Hata hivyo sasa imeandikwa, na rais ajaye atakayejaribu atasomewa.

Ukishinda, Kifungu cha 38 kinaitaka serikali itekeleze hukumu bila kuchelewa. Kama umepewa fedha, Kifungu cha 44 kinakupeleka kwenye utaratibu wa madai wa nchi husika, hivyo hukumu ya Arusha unaibeba hadi mahakama ya huko na kuanza kukazia hukumu, yaani kuomba itekelezwe ulipwe. Tenga nauli ya safari hiyo mapema, na uombe nakala iliyothibitishwa kabla hujaondoka Arusha.