Taa za dashibodi kwenye konvatibo kuukuu: bonyeza zulia kabla hujalipia sensa

Mpwani mwenzangu, umefika Uingereza ukaona gari la kukunja paa linauzwa bei ya kutupa, na moyo umekwenda. Nunua, sikuzuii. Lakini ujue kwa nini ni rahisi. Gari la aina hiyo likishazeeka, injini mara nyingi ingali nzima. Kinachooza ni wayaringi, na kinachoiozesha ni maji.

Ya kawaida nayapita mbio. Taa nyekundu ya oili au ya joto: simama, zima injini. Ya njano: endesha taratibu ukatafute kodi, yaani namba ya hitilafu ambayo kompyuta ya gari imeihifadhi. Ukifungua swichi kabla ya kuwasha injini, taa za onyo ziwake, kisha zizimike injini ikishawaka. Ya eabegi isipowaka kabisa, huenda kuna mtu ameichezea, muage muuzaji. Betri iliyopumzika isome kama volti 12.6, na injini ikinguruma iwe baina ya 13.8 na 14.5. Haya hata kijana wa spana pale Mwembe Tayari anayajua.

Mtego uko kwenye kodi. Gereji niliyopeleka langu walichomeka mashine, ikataja sensa ya gurudumu, kile kifaa kinachopima mwendo wake. Wakabadilisha. Taa ya ABS, breki zinazozuia magurudumu yasikwame, ikazimika, kisha ikarudi na wenzake: eabegi, usukani, injini. Wakabadilisha sensa ya pili. Halafu wakanipigia, kwa upole mwingi, kusema sasa kompyuta nzima ya ABS ing'olewe. Na kila bili ina mstari wa "uchunguzi", unaohesabiwa kwa saa, juu yake VAT ya asilimia 20.

Kodi haikwambii kilichokufa. Inakwambia kompyuta imepata habari isiyoielewa kutoka upande fulani. Habari hiyo inaweza kuharibikia kwenye sensa, kwenye waya, kwenye plagi au kwenye waya wa ardhi, ule unaofunga nguzo hasi ya betri kwenye bodi ya gari. Narudia kwa sababu hapa ndipo pesa zinapoliwa: usikubali spea kwa kodi peke yake. Taa nne zikiwaka pamoja, usidhani vitu vinne vimekufa usiku mmoja. Tafuta kile wanachokitegemea wote: betri, alteneta, ardhi, au maji yaliyoingia mahali.

Aliyeuliza swali la maana alikuwa mjomba wangu, fundi wa Changamwe, kwa simu. "Mwanangu, zulia la miguuni umelibonyeza?" Nikalikandamiza kwa ngumi, maji yakapanda baina ya vidole. Chini yake palikuwa na fundo la waya limezungushiwa utepe wa kitambaa. Utepe ulipofunuliwa, shaba imekuwa unga wa kijani. Mafundi wa Mombasa unga ule wanaujua, upepo wa bahari umewafundisha. Waingereza hawahitaji bahari: chumvi wanaimwaga wenyewe barabarani kila msimu wa baridi, kisha wananunua magari yasiyo na paa na kulisubiri jua kama sisi tunavyosubiri mwezi mwandamo.

Maji yanapitia wapi? Paa la kitambaa lina mitaro yake. Kwenye Mazda MX-5 iko nyuma ya viti. Kwenye BMW Z4 ya kwanza, mtaro ukiziba maji huizamisha mota ya paa yenyewe. Mimina kikombe cha maji taratibu, uchungulie chini ya gari kama yanatoka. Yasipotoka, zibua kwa mrija laini wa plastiki. Usipulize kwa kompresa, utachomoa mpira ndani usikokuona.

Ardhi ipime hivi: washa taa kubwa, mguu mmoja wa mita ya volti kwenye nguzo hasi ya betri, wa pili kwenye bodi, chuma kitupu. Ikivuka volti 0.2, fungua bolti ya waya ule, isugue.

Kwa gereji, uliza kwa barua pepe: mmepima nini, mmepata volti ngapi? Andika na kiwango ambacho wasikivuke bila idhini yako. Wana haki ya kulishikilia gari mpaka ulipe, kwa hiyo lipa, ila andika kwenye bili kwamba unalipa huku unapinga, kisha dai. Sheria ya walaji ya 2015 inawataka wafanye kazi kwa uangalifu na ustadi. Hapa hakuna anayepaza sauti. Mtu anakuomba samahani huku anakukamua, na asiye na karatasi hana kesi.

Sasa nyinyi wa nyumbani, nawapenda, lakini tusikizane. Kaka anayesema "lipakie meli, huku litamalizwa": Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8. Likifika Kilindini litakuwa balaa kwa familia nzima. Na binamu anayeshauri nifute kodi kwa kuchomoa betri: unafuta na ushahidi, kisha taa inarudi. Tangu Mei 2018, taa ya injini ikiwaka, gari la petroli lililosajiliwa tangu Julai 2003 huanguka MOT, ukaguzi wa lazima wa magari hapa Uingereza.

Jambo la hatari: plagi za njano chini ya viti ni za eabegi. Usizitie mita kamwe, usizichomoe betri ikiwa bado imeunganishwa. Hizo mwachie fundi aliyesomea. Na zulia usilirudishe kwa kuwa juu limekauka. Sponji ya chini hushika maji siku nyingi, itoe nje ya gari uianike peke yake.